Pedali Mbili Mfukoni

Jumamosi ya Februari, Ferrara imelala chini ya ukungu
kama unga unaoumuka chini ya kitambaa.
Kuta za mji hazionekani, zinasikika tu:
kengele za baiskeli zinaitana humo ndani.
Nimemshika Nives mkono. Ana miaka miwili na miezi saba
na kofia ya sufu inayomshuka machoni.

Hesabu yangu nimekuja nayo tayari.
Mtoto hukua usiku; viatu vya Septemba
havikufika Krismasi. Basi nitanunua kubwa,
ile nyekundu ya inchi kumi na sita, dirishani,
aikue polepole, kama sare ya shule.
Euro mia na arobaini, mara moja, yaishe.
Piga ua, siondoki bila ile nyekundu.

Oreste ana grisi hadi kwenye mistari ya viganja.
Hakuniuliza umri wa mtoto, wala uwezo wangu.
Alimsimamisha Nives ukutani, wima kama askari,
akachukua daftari la madeni,
akalipachika katikati ya miguu yake, mgongo juu,
akachora mstari kwa chaki.
Sentimita thelathini na tatu.
"Kipimo ni hicho," akasema. "Mengine ni rangi."

Nikamwonyesha ile nyekundu hata hivyo.
Akambeba, akamketisha juu yake.
Miguu ikaning'inia huku na huku
kama soksi kwenye kamba.
Hakulia. Alinitazama tu
kama alivyonitazama kwa daktari
siku nilipomwambia sindano haiumi.

"Mimi nilijifunzia ya mama yangu," nikasema, "kubwa kama punda."
"Najua," akasema Oreste,
akilitazama kovu la kidevuni mwangu.

Na vile vigurudumu vya pembeni je?
"Magongo," akasema, "kwa mtu ambaye hajavunjika.
Vitamfundisha kuegemea.
Baiskeli ni kuanguka kila wakati
na kukawia kufika chini."

Tulipogeuka, Nives hakuwepo.
Alikuwa pembeni, nyuma ya matairi,
mbele ya kibaiskeli cha buluu iliyobanduka;
chini ya buluu kijani, chini ya kijani nyeupe,
sijui kimelea watoto wangapi.
Alibonyeza kengele. Haikulia, ilikohoa.
Akacheka. Akabonyeza tena, ikakohoa, akacheka,
na mimi nikajua kwamba ile nyekundu nimeikosa.

Oreste akashika spana.
Pedali ya kulia ikatoka bila ubishi.
Ya kushoto hufunguka kinyume,
nami nilikuwa nimeshaanza kumwelekeza.
Akatoa mnyororo, akashusha kiti hadi mwisho,
visigino vya Nives vikagusa sakafu,
vikakaa.
Kisha akaniwekea pedali kiganjani, zote mbili, baridi:
"Zitunze. Atazitaka kabla wewe hujawa tayari."

Euro ishirini na tano. Kahawa nilinunua mimi.

Nje, mawe ya barabara yamelowa.
Anasukuma mguu mmoja, anasimama, anaangalia kiatu.
Anasukuma miwili kwa pamoja, kama chura.
Ninatembea nimeinama, mkono nyuma ya kola yake,
bila kumgusa, karibu tu,
mgongo wangu unaniuma, bibi mmoja anapita na mboga
ananiambia, "Mwache, kijana."

Mara anainua miguu.
Ni hatua tatu, labda nne,
barabara inateremka kidogo pale, sikuwahi kujua inateremka,
na mkono wangu umeshika ukungu.

"Nives! Hakuna breki!"

Pedali zinagongana mfukoni, nzito kuliko nilivyodhani.
Mbele yangu kuna weupe tu
na ndani ya weupe, mbali kidogo,
kikohozi cha kengele.