Siku Kumi na Moja

Kijitabu cha gari kinasema:
kilomita elfu kumi na tano, au miezi kumi na miwili,
chochote kitakachotangulia.
Nimeyasoma maneno haya hadi midomo huyatamka yenyewe
nikipiga mswaki.

Gaétan Thibeault alifika saa tatu asubuhi,
kofia ya sufu mkononi, theluji ikiyeyuka viatuni,
akaegesha mbele ya dirisha langu kitu chekundu,
kifupi kama kiatu, chenye viti viwili
na sauti ambayo, alisema, mwaka jana haikuwapo.
"Sikiliza." Tukatoka nje bila makoti.
Injini baridi ilikuwa ikisema tik, tik, tik,
kama mtu anayetafuta funguo
ndani ya mfuko uliojaa sarafu.

Miaka thelathini na minne ameendesha greda la theluji
kati ya Rimouski na Mont-Joli, usiku, sisi tumelala.
Siku aliyostaafu akanunua gari
lisiloweza kuvuka theluji ya kifundo cha mguu.
Mkewe, Lisette, akamwuliza: litatufikisha wapi?
Akajibu: haraka.

Alikuja na bati la biskuti. Ndani, risiti zilizobanwa kwa pini
na daftari la mirabaraba, mwandiko wa penseli:
tarehe, kilomita, lita tano na nusu, filta mpya.
Oili ya kwanza aliimwaga baada ya kilomita elfu mbili tu,
ingali na rangi ya asali,
maana baba yake alimfundisha kwamba injini changa
hutoa vumbi la chuma
kama mtoto aotaye meno anavyodondokwa na udenda.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Huyu daftari analo, na habari anazo.

Lakini kompyuta haina mahali pa kuweka penseli.
Aliyewahi, kwa kampuni, hajafanya kitu.
Aliyechelewa amevunja mkataba.
Gari lilinunuliwa tarehe tatu Aprili, leo ni kumi na nne.
Limetembea kilomita elfu tatu, mia nane na sita.

"Mlango wa gereji ulizibwa na theluji," akasema.
"Niliuzibua mara mbili. Greda la mji likapita,
likaurundikia tena." Akacheka kidogo, puani.
"Kijana anayeliendesha nimemfundisha mimi."

Bi Sirois, bosi wangu, alipita na kikombe chake,
akatazama skrini, akatazama bati.
"Waranti si huruma, Solange,"
akasema, kisha akaufunga mlango wa ofisi yake taratibu,
kama mtu asiyetaka kusikia kinachofuata.

Mhuri wangu ni wa zamani,
wa vigurudumu vya mpira: siku, mwezi, mwaka.
Nilitazama ukucha wa dole gumba lake,
ule weusi ambao sabuni imeukatia tamaa.
Kidole changu kilikuwa juu ya kigurudumu cha siku.
Sikuamua. Au niliamua na sikutaka kujiambia.
Kumi na tatu. Kumi na mbili. Kumi na moja.
Kigurudumu kile kina sauti, sikuwahi kuisikia kabla,
tik, tik, tik,
hata Gaétan akainua kichwa,
akaangalia dirishani, kwenye gari lake,
lililokuwa limezimwa.

Madai yalitumwa saa nne. Jibu halijaja.

Jioni, nikifunga droo, ndipo nilipoona
kwamba mhuri sikuurudisha.
Wote waliopita mezani kwangu siku ile,
mwalimu wa hesabu na breki zake,
binti aliyepasukiwa tairi darajani,
yule mzee wa Saint-Fabien anayekuja kupima upepo tu,
wameondoka na tarehe tatu Aprili kwenye karatasi zao,
kila mmoja na siku kumi na moja
ambazo hakuziomba
na hajui kama anazo.