Maandishi ya Chini

Ukumbi wetu ulikuwa ghala la pamba,
Mkuyuni, nyuma ya reli.
Hata leo ukipiga makofi kwa nguvu
vumbi jeupe hushuka darini,
na wa mstari wa mbele hupiga chafya
shujaa akiwa anakata roho.

Viti arobaini, havilingani.
Kumi na viwili viliazimwa msibani, havijarudishwa.
Pazia hatuna. Tuna ukuta,
na chokaa ninayoipaka mwenyewe kila masika yakipita.
Filamu zetu hazina mapanga wala helikopta.
Watu huuliza mlangoni, "Steringi nani?"
Nikiwajibu, "Kuna mama anakaanga samaki,
dakika nne, hasemi neno,"
nusu yao huvuka barabara kutazama mpira.

Ijumaa ile walikuwa kumi na tisa.
Bhoke alitoka Musoma na filamu yake ndani ya soksi,
kwenye kifaa kidogo kama jino la ng'ombe.
Miaka mitatu ya maisha yake
niliishika kwa vidole viwili.

Nikazima taa.
Wadudu wa ziwani wakaingia kwenye mwale,
wakawaka, wakazimika,
na nyuma yao akatokea Bi Ng'wasi Lugembe,
mkubwa kuliko alivyopata kuwa,
kilemba kikigusa kenchi,
ameketi juu ya jabali, ziwa mgongoni halina habari naye.
Mkono wa kulia, vidole vitatu.
Viwili vilibaki humu humu,
kwenye mashine iliyosimama hapo mlipoweka miguu.
Alisimulia kwa Kisukuma, bila haraka:
meneja, fomu, dirisha, njoo Jumatatu.
Jumatatu zikazaa miaka.
Mwisho akatikisa kichwa, akasema jambo fupi,
na chini, kwa herufi nyeupe, pakasomeka:
*Nimeshasamehe.*

Mtu akashusha pumzi. Mwingine akatoa leso.

"Siyo!"

Sauti ilitoka viti vya msibani.
Kabula, muuza chapati,
unga bado umemkaukia viwikoni.
"Huyo mama yangu. Hajasema hivyo.
Rudisha."

Nikarudisha. Bi Ng'wasi akasema tena.
"Rudisha."
Akasema tena, mtiifu,
kama alivyokuwa akilirudia lile dirisha.
Mara ya tatu wazee wawili wa Magu wakaguna kwa pamoja:
"Kweli, binti. Hapo hakuna msamaha."
"Kasema, *Nimechoka kudai.*"

Yule mwenye leso akaikunja taratibu,
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Bhoke hakujitetea.
Hakumtaja mkalimani, wala fedha, wala usiku wa manane.
Alisema tu, "Andika."
"Wapi?"
"Hapo hapo."

Kabula akaokota kaa kwenye jiko langu la chai,
akaenda mbele, na mama yake akammwagikia mgongoni,
shavu begani, jicho kwenye kanga,
vile vidole vitatu vikipapasa nywele.
Akaandika chini ya picha,
kwa herufi kubwa za darasa la pili:
NIMECHOKA KUDAI.
Akajipangusa mkono kwenye gauni, akarudi kuketi.
Aliyesemewa hakuyaona.
Alizikwa Kisesa tangu mavuno.

Sasa masika yamepita na chokaa ipo kwenye ndoo.
Sijapaka.
Wiki jana tulionyesha filamu ya mapenzi
kutoka nchi ya theluji.
Bibi harusi akacheka, akamwinamia mumewe,
akamnong'oneza kitu kwa lugha
asiyoijua mtu yeyote humu ndani,
na chini yake, kwa makaa:
NIMECHOKA KUDAI.

Ukumbi mzima uliangua kicheko.
Ila mwanamke mmoja, mstari wa nyuma,
aliacha kucheka kabla ya wenzake.