Karibu Bila Hodi

Mama mkwe hakuwahi kuvuta sigara.
Miaka thelathini na mmoja kiwandani, mjini Daegu,
alivuta uzi wa hariri, si moshi,
na bado Daktari Paeng akaonyesha doa kwenye pafu la kushoto,
dogo kama punje ya ufuta iliyolowa.

Akachora mlango kwenye bahasha ya dawa.
Katika ngozi ya kila seli, alisema, zimo protini zinazongoja hodi.
Mgeni akibisha zinaitikia, na neno linapita ndani
kinywa kwa kinywa, mpaka kwenye kiini:
gawanyika. Basi, yatosha. Tulia.
Kwako, Bibi Mal-sun, moja imepinda.
Inasema karibu, karibu, karibu,
na mlangoni hakuna mtu.

Mama mkwe akanitazama mimi.

Maana yeye ndiye aliyekuwa akiingia kwetu bila hodi:
mlio wa namba nne, tii tii tii tii,
na tayari yumo jikoni na mitungi yake ya kabichi,
anafunua sufuria zangu, ananusa.
Mwezi wa tatu nilibadilisha namba.
Nilimsikia akibonyeza, akikosea, akibonyeza.
Sikufungua. Nilishika ufagio, kimya kama mwizi
ndani ya nyumba yangu mwenyewe.
Akaacha mitungi pale nje, akateremka kwa ngazi.
Lifti ilikuwa mbovu siku ile.

Kidonge ni kimoja kwa siku, rangi ya chai ya maziwa.
Kinaingia kwenye tundu la ile protini
kama kijiti kwenye kitasa,
na kelele zinakatika.
Wiki ya pili uso wake ukajaa vipele,
daktari akafurahi! Mara nyingi ni dalili njema, alisema,
ngozi nayo ina milango ya namna ileile.
Mama mkwe akajipaka poda:
"Dawa gani hii, inampiga hata jirani."

Miezi kumi na minne doa likanywea.
Kisha likaamka. Protini ilikuwa imebadilisha kitasa,
herufi moja tu,
na kidonge kikabaki nje, kinabonyeza, kinabonyeza.

Kipo cha pili, kilichochongwa kwa kitasa kipya.
Kitadumu? Daktari Paeng aliifuta miwani
muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

Jana nimerudisha namba ya zamani,
tarehe aliyozaliwa mwanawe.
Sikumwambia. Nimekaa jikoni,
redio nimeizima.
Ajaribu tu.