Saa Nne za Mashine

Manama, Alhamisi, chumba cha kusafishia damu.
Saa nne: si za ukutani, za mashine.
Kitanda cha dirishani ni Bi. Thuwayba,
mzaliwa wa Sohar, Kiswahili chake cha Wete.
Cha pili Bi. Simha, ambaye babu yake
alishuka kutoka Basra na bunda la hariri.
Katikati mimi, Wakesho, Mtaita, na sindano.

Mimi namwita Yesu. Thuwayba, Isa.
Simha hamwiti.

Ni msimu wa tende, nazo wamekatazwa,
figo haziziwezi. Ndipo Thuwayba akaanza:
"Maryamu aliposhikwa na uchungu
aliambiwa atikise shina, zikamwangukia mbivu.
Sisi hata moja!"
"Kwetu alizalia zizini," nikasema. "Mtende haukuwapo."
Simha, macho kayafumba:
"Kwetu ni mtoto wa watu. Mama yake binti yetu. Basi.
Masihi akija, hospitali hii itafungwa
kwa kukosa wagonjwa. Wewe waiona imefungwa?"

Mashine ikalia. Nikaitengeneza.

Thuwayba hakuachia: "Nabii, naam, tena mkubwa,
alinena angali mchanga, kapakatwa na mama.
Lakini Mungu hana mwana. Wala Isa hakufia pale,
alinyanyuliwa. Wewe, mtoto una akili,
unamwabuduje aliyekufa?"

Ningenyamaza. Kazi ni kazi, na viza ni viza.
Ila nilimzika Mghoi wangu, Voi, ana miaka mitatu,
na Mungu asiyejua kaburi lilivyo ndani
nisingekuwa na la kumwambia.
Nikalisema hilo, kwa Kiswahili,
halafu kwa Kiarabu changu kibovu, Simha asikie.

Pampu inazunguka.

"Sisi tumezika wengi," akasema Simha,
"na bado twamwambia Yeye. Mmoja.
Hata siku tusizosemezana."

"Pole, mwanangu," akasema Thuwayba. "Hukunambia."
Hakusema nina haki. Sikumtaka aseme.

Nilipoinama kuchomoa sindano
msalaba ukaniponyoka ukosini. Nikaurudisha haraka.
"Uache nje," akasema, "utakuchuna ngozi.
Hakufa juu yake. Lakini uache."

Ratiba mpya ilisema tukutane Jumamosi.
Simha akatikisa kidole.
Nikafuta, nikaandika Jumapili, saa tatu asubuhi,
saa ya misa yangu,
nikaenda kutafuta pamba.