Subiri, Nakuunganisha

Karani wa pasipoti alimuuliza tarehe ya kuzaliwa.
Mama akajibu: mwaka ule mchele ulipokuwa wa kadi,
usiku, mvua inanyesha, Wete.
Karani akaandika Januari mosi.
Ndivyo Ghaniya binti Suud alivyozaliwa mara ya pili,
Maskati, sabini na mbili, juu ya meza ya chuma,
ana miaka ishirini na sita, watoto wawili
na cherehani iliyopoteza mkono wake njiani.

Maisha ya kwanza hakuyasimulia.
"Tuliondoka," basi.
Januari ile nyingine, ya sitini na nne,
aliikunja ndani ya kanga, akaiweka chini kabisa ya sanduku.
Tulijua sanduku lipi. Hatukulifungua.

Ruwi ilikuwa vumbi, na mabomba yanayongoja kufukiwa.
Nyumba ya simu ilitaka wanawake wenye Kiingereza;
wakampa kiti na ubao wenye matundu mia.
Wenzake wa Nizwa walimcheka:
ha yako, Ghaniya, haina koo.
Lakini usiku, Mombasa ilipogonga, na Bujumbura, na Dubai,
yeye ndiye waliyemwita.
"Subiri, nakuunganisha."

Sheria ilisema usisikilize. Alisikiliza.
Alijua vita vya Dhofari vimekwisha kabla ya redio,
kwa kuwa mama mmoja wa Salala alicheka tu,
dakika tatu nzima, za kulipia, akacheka.

Themanini na tatu, hospitali ikapiga.
Wanamtafuta mke wa Mbarak bin Hilali.
"Subiri," akasema, "nakuunganisha,"
akashika waya,
akatafuta tundu.

Mwaka wa Kuwait alikesha siku nne.
Upande wa pili, kisima.
"Bado najaribu, dada."
Alikuwa ameacha kujaribu tangu alfajiri.

Mashine ikaja, ikamrudisha nyumbani na saa ya ukutani.
Tukamnunulia simu ya mkono. Akaishuku:
hapa kati yetu yupo nani?
Hakuna mtu, Mama.
Basi nani atajua kama tumeelewana?

Gonu ilipoingia mpaka dirishani,
sanduku lilielea uani, likafunguka lenyewe.
Asubuhi tukaikuta kanga kambani, imeanikwa,
imebanwa kwa vibanio viwili, maneno yake yamefutika nusu.
Hakuna aliyeuliza. Chai ilikuwa tayari.

Kisha mwaka wa barakoa.
Muuguzi kutoka Kerala alimshikia simu sikioni.
Nilitaka aniambie jambo kubwa.
Alisema ana kiu, kwa Kiswahili.
Nikamwambia muuguzi, mtandao ukakatika,
nikapiga tena, nikapiga,
na baadaye nikasikia kwamba walimletea blanketi.

Tulizika watu wanane, umbali wa hatua mbili.
Makaburi ya hapa hayaandikwi.
Mawe tu. Hakuna jina,
hakuna Januari mosi.