Kitabu cha Wageni

Kiingilio mia tano mkubwa, mia mbili mtoto,
hema na godoro mbali.
Kadenge alihesabu noti. Mimi nilitazama lango.
Bibi yake bibi yangu alitoka humu bila kuaga,
usiku, miguu mitupu,
nami nalipa niingie.

Lali, kijana wa kutembeza wageni, ana sauti ya redioni.
Alituonyesha mlango wa msaji, madaka ya sahani za Uchina,
ukuta uliopakwa chokaa upya mwaka jana.
"Mwenye shamba alipenda kukaa roshani,
autazame mtama wake hadi kingo za Sabaki."
Na waliolima?
"Wafanyakazi," alisema, "walikaa kule,"
akanyosha kidole penye nyasi zilizofyekwa vizuri,
bomba la maji, choo kipya,
na hema letu.

Kigingi cha kwanza kiliingia. Cha pili kilipinda
juu ya jiwe lililolika katikati
kwa kusagiwa.
"Tusogeze hema," alisema Kadenge.
Nikakataa. Nililaza kichwa upande huo.

Faida. Ndilo jina walilompa sokoni.
Faida ya nani, hakuna aliyeuliza.
La kwao halikutufikia;
huenda alilimeza njiani
asinyang'anywe na hilo.

Saa tisa usiku Mejumaa akabanwa na mkojo.
Tulikwenda na tochi mpaka kwenye seng'enge.
"Mama, huu waya wa kumzuia nani?"
Ng'ombe.
"Na zamani?"
Zamani palikuwa na mto, mto ukawa na mamba.
"Sasa nani alipita?"
Wewe, nilimjibu, sijui kwa nini,
naye akaridhika, akapandisha suruali,
akataka biskuti.

Asubuhi hema lililowa umande, likakataa kukunjika.
Langoni mlinzi alisukuma kitabu mbele yangu,
kalamu imefungwa kwa uzi:
jina, utokako, saa ya kuingia, saa ya kutoka.
Nikajaza yetu. Saa mbili na robo.
Mstari wa chini nikaandika: Faida.
Utokako, nikaacha wazi.
Saa ya kuingia, nikaacha wazi.
Saa ya kutoka: usiku.

Mlinzi alikigeuza kitabu, akasoma kwa midomo,
akarudia kuhesabu risiti zake.
"Huyu hajalipa," alisema.

Huyu anadai, nikamwambia,
nikairudisha kalamu
ikaning'inia.