Kihesabio

Tampere, Januari, saa tisa za usiku.
Ghorofa ya chini, mashine inatembea.
Haina kiatu, haina safari:
goti tu, la chuma na plastiki,
linakunjwa, linakunjuliwa
ndani ya majimaji ya damu ya ndama
yenye rangi ya chai iliyozimuliwa.

Irmeli anasoma kihesabio:
hatua milioni mbili, laki nne na ushei.
Anafungua, anasuuza, anakausha, anapima.
Miligramu sita zimepotea.
Anaziandika kwa penseli
kama muuza duka anayeandika deni la jirani.

Mama yake aligawa barua miaka thelathini na mmoja,
ngazi juu, ngazi chini, barafu chini ya soli.
Hakuna aliyemhesabia.
Gegedu liliisha kimyakimya, kama kipande cha sabuni,
hata mfupa ukasalimiana na mfupa,
na salamu ile ikamkalisha kitako
kwenye ngazi ya tatu, nyumba namba kumi na saba,
barua ya mtu mkononi.

Daktari alisema: hili jipya, miaka ishirini, pengine.
Mama akacheka. "Nina sabini na minane.
Litanizika hilo."

Irmeli hakucheka.
Alirudi maabara, akaongeza uzito,
akaipa mashine ngazi,
za kupanda, na zile za kushuka
ambako ndiko kunakouma.

Asubuhi simu inalia.
Mama amefika kwenye sanduku la barua, peke yake, na kurudi.
"Hatua ngapi?"
"Nijuaje? Kwani mimi mashine?"